Nimekwama chapta ya tatu na mama kashanunua kitenge cha mahafali

Shikamoo Anti,

Naomba jina langu usiliweke maana ofisini kwetu safu yako inasomwa sana, bosi mwenyewe anaisoma jioni akisubiri foleni ipungue.

Nina miaka 34, nina mume na watoto wawili, nakaa Kimara, nafanya kazi Kariakoo kwenye duka la jumla la vyombo, masufuria, chupa za chai, mabeseni, vitu vya hivyo. Nasoma MBA ya jioni mwaka wa pili. Kazini natoka saa kumi na moja nadandia mwendokasi, darasani nafika wenzangu washaanza, nyumbani saa nne usiku. Koswok zote nimemaliza na sikufanya vibaya, maketingi nilipata A, na hata lile somo lenyewe la risechi methodi, yani mbinu za utafiti, nilipata B ila Anti ngoja nikwambie ukweli, ile B ni ya kukariri. Mwalimu alikuwa anasoma slaidi, positivizimu, interpretivizimu, deduktivu, induktivu, ontolojia, mimi naandika tu kama nanakili namba za risiti, siku ya mtihani nikamwaga vyote nikatoka pale mtupu.

Sasa muziki umeanzia kwenye propozo. Kichwa changu ni athari za huduma za fedha kwa simu kwenye utendaji wa biashara ndogo na za kati Tanzania, kwa Kizungu kinasikika vizuri zaidi. Supavaiza kanirudishia mara tatu. Ya kwanza kaandika kubwa mno, punguza. Nikafuta Tanzania nikaweka Dar es Salaam. Ya pili kaandika gepu iko wapi. Nikaandika hakuna aliyewahi kufanya Kariakoo. Ya tatu kazungushia duara jekundu pale nilipoandika sampuli ya watu 100, pembeni kaandika "kwa nini 100?" basi, hakuna kingine. Anti hiyo mia nilikuta kwenye disetesheni ya rafiki yangu, sasa nitajibu nini. Namtumia meseji WhatsApp tiki zinakuwa za bluu na kimya.

Kuna kijana yuko steshenari moja karibu na chuo, anaandikia watu. Kaniambia milioni moja na laki mbili kuanzia chapta ya kwanza hadi ya tano, na data nisihangaike nayo atatengeneza mwenyewe, anataka nusu kwanza. Laki sita ninayo, ni ya kikoba tumevunja juzi. Na huku mama yangu kashanunua kitenge doti sita cha sare ya mahafali, mume wangu kila siku ananiuliza hii shule yenu haina mwisho, nimemdanganya kwamba chapta ya tatu, ile ya methodi, imeisha.

Afu kinachonichosha zaidi ni kazi. Mimi ndo naangalia madeni. Tunawapa watu mali kauli, wateja kama 400 hivi, wenye maduka ya Mbagala, Gongo la Mboto, Tegeta huko, na daftari lote liko kwangu tangu mwanzoni mwa 2022. Unakuta mtu miezi mitatu analipa vizuri hadi unampenda, bosi anasema muongezee mzigo, ukimuongezea tu mwezi wa nne anaanza kukukwepa, simu hapokei. Bosi anasema ni tabia za watu, mimi sidhani ni tabia ila sina cha kumjibu. Samahani Anti nimetoka nje ya mada.

Naomba uniambie, nimpe huyu kijana hela? Na hizi methodi zinaelewekaga kweli kwa mtu wa kawaida au ni za watu wa chuo wenyewe kwa wenyewe?

Wa Madeni, Kariakoo

*

Marahaba mwanangu.

Nianze na hela maana ndo inayokuwasha. Usimpe. Sikuhubirii, nawajua waliopita njia hiyo na vyeti wametundika sebuleni. Nakwambia kwa sababu ya hilo neno "data atatengeneza". Mimi nimefundisha hili somo darasa la jioni na kwenye paneli za vaiva, pale mwanafunzi anapoitetea kazi yake kwa mdomo, nimekaa sana, data ya kupika naijua kama wale kinamama wa Feri wanavyojua samaki wa jana, hata sifungui shavu. Data ya kweli ni chafu. Kuna aliyeruka swali la saba, kuna aliyeandika umri wake miaka 350 sababu mkono uliteleza, madodoso yametoka 200 yamerudi 143 na mawili yana madoa ya chai. Ya kupika yamerudi yote, hakuna pengo, hakuna aliyekasirika. Afu paneli inakuuliza swali la upole kabisa, hebu tusimulie siku yako ya kwanza kwenda kukusanya data ilikuwaje, na wewe hujaenda popote. Hapo bado sijagusa habari ya kufutiwa usajili. Hiyo laki sita irudishe kikoba.

Na kwa kuwa najua utaniuliza, zile programu za akili bandia pia, ChatGPT na ndugu zake, ukiiomba ikueleweshe neno sawa, ikufupishie kitu ulichokisoma mwenyewe sawa, ila ukiiomba ikutafutie marejeo inaweza ikakutungia makala ambazo hazipo duniani, zina majina ya waandishi, mwaka, kurasa, kila kitu, nishawahi kumuona mtu mzima na tai yake akitafuta makala ya hivyo mbele ya paneli na jasho linamtoka.

Haya. Barua yako nilianza kuisoma nimeegemea kiti, nilipofika pale uliposema samahani nimetoka nje ya mada nikakaa wima. Mwanangu umetumia aya nzima kunielezea mada ambayo huipendi wala huijui, afu ukaja kwenye kitu kinachokunyima usingizi, unacho kwa maandishi tangu 2022, bosi ana jibu lake na wewe una wasiwasi nalo, na hapo ndo ukaomba radhi. Hilo la mwezi wa nne ndo risechi yako. Ile ya simu achana nayo.

Ngoja nikuoneshe ile ya simu inakuumiza wapi, maana ukilielewa hili umeelewa nusu ya somo. Tatizo ni neno athari. Ukiandika athari umeahidi kwamba utaonesha kitu kimoja kinasababisha kingine. Sasa unaenda Kariakoo unakuta fremu zenye lipa namba zinauza kuliko zisizo nayo, unaandika lipa namba inaongeza mauzo, na mimi kwenye paneli nakuuliza, je sio kwamba wenye biashara kubwa tayari ndo waliokuwa wa kwanza kuweka lipa namba? Utajibu nini na dodoso ulilipitisha siku moja tu? Hujui kipi kilitangulia. Na ukisema basi ntalinganisha kabla na baada, hapo katikati kuna tozo za miamala zilizoanza Julai 2021, watu wakarudi kwenye keshi, utatenganishaje? Kama ushahidi wako unaweza kuonesha tu kwamba vitu viwili vinatembea pamoja, andika uhusiano usiandike athari. Supavaiza aliposema kubwa mno hakuwa anaongelea ramani, wewe ukafuta Tanzania ukaweka Dar, ahadi ikabaki kubwa vilevile.

Twende kwenye daftari.

Unasema mtu analipa vizuri miezi mitatu, anaongezewa mzigo, mwezi wa nne anachelewa. Wewe unahisi mzigo ndo unamlemea, bosi anasema tabia. Mimi nakuletea jibu la tatu ambalo wote wawili hamjaliwaza na ndo linanifanya niipende hii mada. Bosi wako anawachagua akina nani wa kuongezewa? Waliolipa vizuri sana miezi mitatu mfululizo. Sasa mtu yeyote ana kawaida yake, ana miezi mizuri na mibaya. Ukimvizia akiwa kwenye miezi yake mizuri kupita kawaida, miezi inayofuata kuna uwezekano mkubwa arudi kwenye kawaida yake, hata kama hujamuongezea sufuria moja. Hakubadilika tabia wala hakulemewa, ni wewe uliyemkamata akiwa juu. Hili aliliandika Mwingereza anaitwa Francis Galton mwaka 1886 akipima urefu wa wazazi na watoto wao, akakuta wazazi warefu kupita kiasi watoto wao kwa wastani wanakuwa warefu ila sio kama wao. Ndo hesabu hiyohiyo iko kwenye madeni yako ya mabeseni.

Utajuaje sasa ni lipi kati ya hayo matatu? Hapa ndo methodi inapoanza kuwa na maana, sio kwenye slaidi. Fungua daftari uwatafute wateja wa aina mbili. Wa kwanza, waliolipa vizuri miezi mitatu wakaongezewa. Wa pili, waliolipa vizuri vilevile miezi mitatu lakini hawakuongezewa, labda stoo haikuwa na mzigo, labda bosi alikuwa safari, labda wenyewe walikataa. Afu angalia mwezi wa nne, wa tano, wa sita. Kama kundi la pili nao wameporomoka sawasawa na la kwanza, basi mzigo hauna kosa. Kama walioongezewa tu ndo wameporomoka, au wameporomoka zaidi, wasiwasi wako una miguu. Ila wale waliokataa wenyewe waweke alama pembeni, inawezekana walijijua kwamba mambo yao hayako sawa, hao wasikuchanganyie hesabu.

Kwa kila mteja utahitaji tarehe aliyochukua mzigo, thamani yake, tarehe aliyomaliza kulipa, amechelewa siku ngapi, kaongezewa mara ngapi na kwa kiasi gani, duka liko wapi, analipa keshi au lipa namba. Hivyo tu. Na uandike pembeni miezi iliyokuwa na mambo yake, Januari ada za shule, mwezi wa Ramadhani, ule mgomo wa wafanyabiashara Kariakoo wa Mei 2023 na ule wa Juni 2024, maana kama mlifunga duka siku mbili tatu na mteja akachelewa siku tatu, huyo humsemi ana tabia.

Umeona hadi hapa sijakutajia neno hata moja gumu, na chapta ya tatu tayari tumeifika katikati. Sasa ndo uyape majina. Kuchimba biashara moja kwa kina ndo inaitwa kesi stadi. Kufuatilia watu walewale muda mrefu badala ya kuwauliza siku moja ndo longitudinali, na wewe unayo bure wakati wenzio wanailia. Kuanza na dhana halafu ukaipima ndo deduktivu. Ukienda kuwasikiliza wateja ili nao wakuletee maelezo ambayo hukuyategemea hapo umeingia kwenye induktivu, ukichanganya vyote ni mbinu mseto. Kile kitunguu cha Saunders mlichochorewa darasani, ule mchoro wa hatua za utafiti tabaka kwa tabaka, mwenyewe anataka umenye kutoka nje, uanze na falsafa uende ndani hadi kwenye data. Nisamehewe, kwa mtu wa kazini mimi nashauri aanze katikati, ajue data atakayoipata ni ipi na itajibu nini, afu ndo atoke nje akiulizwa falsafa yako nini anajibu akiwa na kitu mkononi. Nimeona wengi wanakaa mwezi mzima kwenye ganda la nje wanabishana kama wao ni positivisti au pragmatisti na hawajui watamuuliza nani nini.

Ile "kwa nini 100?" sasa. Kanuni ya kutafuta ukubwa wa sampuli wanayoitumia sana vyuoni kwetu ni ya Yamane, unachukua idadi ya watu wote, unaigawa kwa moja jumlisha idadi hiyo mara kiwango cha makosa kipeo cha pili. Kwa wateja wako 400 na kosa la asilimia 5, ni 400 mara 0.0025 unapata 1, jumlisha 1 ni 2, 400 gawa kwa 2 ni 200. Jedwali la sampuli la Krejcie na Morgan la 1970 lingekupa 196, karibu sawa. Ukikubali kosa la asilimia 10 inashuka hadi 80. Kwahiyo ile mia ya rafiki yako inawezekana kwake ilikuwa na sababu, kwako haina. Ila usikimbilie kuandika 200! Hizo hesabu ni za mtu asiyeweza kuwafikia wote. Wewe daftari la wote 400 unalo mezani, unachagua 200 ili iweje? Chukua wote. Supavaiza akikuuliza kwa nini 400 utamwambia ndo wote waliopo, hilo swali limeisha. Yamane utamhitaji siku unaenda kuwauliza watu wengi kwa dodoso, na hata hapo anadai uwe na orodha kamili ya watu wako, sio "wafanyabiashara wa Kariakoo" ambao hata mwenyewe hujui wako wangapi.

Baada ya daftari nenda kaongee na watu, sio mia, kumi na mbili hadi kumi na tano hivi, nusu walioporomoka nusu ambao hawakuporomoka. Ukiona watu watatu mfululizo hawajakuambia kitu kipya simama, hapo umeshashiba, watafiti Glaser na Strauss waliandika habari ya kushiba huko tangu 1967.

Hapa nikupe aibu yangu. Disetesheni yangu mimi niliifanya kwa wauza vitenge, nikatengeneza dodoso la maswali 62, kwa Kiingereza, la kuweka tiki kuanzia sikubaliani kabisa mpaka nakubali kabisa, ile skeli ya Likert. Nikaingia fremu moja Mtaa wa Kongo kwa mzee mmoja mpole sana, akachukua kalamu. Mteja akaingia, akampimia. Akarudi akaweka tiki kwenye nne. Simu ikalia. Tiki kwenye nne. Kijana wake akauliza bei, tiki kwenye nne, nikamuona anashuka nayo hiyo nne kama mtu anayeteremka ngazi, ukurasa wa pili wote nne tupu mpaka mwisho, hata lile swali nililoligeuza makusudi ili kumnasa. Akanirudishia karatasi akatabasamu, tayari mwanangu. Nikamshukuru, nikafunga begi, akaniagizia soda maana jua lilikuwa kali, na katika kunywa ile soda, kalamu iko ndani ya begi, ndo akaniambia biashara yake ilivyoyumba, nani kamdhulumu, kwanini hakopi benki na anamkopa shemeji yake. Dakika arobaini. Sikuandika hata neno. Nikaenda nyumbani nikaingiza zile nne 62 kwenye kompyuta kama data.

Usirudie hilo. Maswali yako yawe kumi na yawe ya Kiswahili cha dukani. Utendaji wa biashara hakuna muuza duka Mbagala anayesema, anasema biashara inatembea au haitembei, mwezi huu umekaza. Usimuulize mambo mawili kwenye swali moja, bei zetu na huduma zetu unazionaje, huyo bei anaziona mbaya huduma nzuri sasa akujibu lipi? Usimuulize kwanini unachelewesha, muombe akusimulie mara ya mwisho mzigo ulipoongezwa ilikuwaje, mwanzo hadi mwisho, afu nyamaza. Kunyamaza ndo kazi ngumu kuliko zote kwenye hii risechi yote.

Na hapa kuna tatizo kubwa ambalo lazima ulikabili, tena liandike wewe mwenyewe kwenye propozo kabla hujaulizwa. Wewe ndo mdai wao. Mtu anayekukwepa kwenye simu umtokee dukani kwake umwambie leo sijaja kudai nimekuja kwa ajili ya shule? Atakuambia yote unayopenda kuyasikia. Tafuta mwanafunzi mwenzio, yeye akafanye mahojiano yako na wewe ukafanye ya kwake, watu wengi hawalifikirii hili na ni bure. Wateja wajue kabisa kwamba wanaweza kukataa na mali kauli yao haitaguswa, na hilo bosi akubaliane nalo kwa barua, sio kwa mdomo. Barua ya bosi ya kukuruhusu kutumia daftari ni lazima, na ya chuo pia. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kazi Mei 2023, majina na namba za simu za wateja hazitakiwi kuzunguka kwenye faili lako la Excel, kila mtu mpe msimbo wake, M001, M002, na ule ufunguo wa nani ni nani ubaki ofisini. Na ujiandae kisaikolojia kwamba majibu yanaweza yakaonesha bosi ndo mwenye makosa, yani mtindo wake wa kuongeza mzigo ndo unaua wateja. Kabla hajasaini mwambie uso kwa uso kwamba hilo linawezekana.

Litrecha, yani waliyoandika waliokutangulia, sitakaa sana. Hakuna aliyefanya Kariakoo sio gepu, hata Chanika hakuna aliyefanya, na mimi hakuna aliyenifanyia jikoni kwangu. Gepu ni pale wengine waliposema jambo na wewe una sababu ya kudhani kwako linaweza kuwa tofauti, au wote wameuliza watu kwa dodoso na hakuna aliyefuatilia malipo yenyewe mwezi hadi mwezi. Kwa Kizungu tafuta mikopo ya bidhaa baina ya biashara na biashara, ziko makala nyingi Google Scholar na nyingine zinafunguka bure. Usisome mwanzo hadi mwisho, soma muhtasari, ruka hadi kwenye methodi, afu pale mwishoni wanapokiri walichoshindwa. Kwenye mwendokasi Kimara hadi Gerezani, ukipata siti, makala moja kwa safari inawezekana, usipopata siti basi samehe.

SPSS, ile programu ya kuchambua data, nayo isikutishe. Ya kununua ni bei, kuna Jamovi na JASP za bure zinafanya kazi yote utakayoihitaji, na kwa kulinganisha makundi mawili hata Excel inakutosha kuanzia. Lile la Cronbach kwamba alfa, kipimo cha kama maswali ya dodoso yanakubaliana, ifike 0.7 ni la watu wenye dodoso la tiki nyingi, wewe huna, ukiulizwa sema huna na useme kwanini.

Supavaiza wako sikutetei wala simsemi, ila tatu zake zote alizokuandikia zilikuwa na maana, shida aliandika kifupi kama anatuma telegramu. WhatsApp achana nayo. Andika ukurasa mmoja tu, swali lako kwa sentensi moja, bosi anasema nini, wewe unadhani nini, jibu la tatu ni lipi, daftari lina nini ndani, na utalinganisha akina nani na akina nani. Mpelekee mkononi, ukae, asome ukiwa hapohapo, dakika tano hazimshindi. Mwambie unabadilisha mada na sababu ni hii. Anaweza akanuna kwa sababu ya muda, akinuna muoneshe kwamba data iko tayari, hakuna miezi miwili ya kuzunguka na madodoso juani.

Mume mwambie ukweli leo, chapta ya tatu haijaisha, inaanza. Mama naye mwambie kitenge asikate kwanza, watu wananenepa.

Barua ya bosi ikishasainiwa nitumie hayo maswali yako niyapitie. Yasizidi kumi.

Anti